Goti la Kirîv

Perîxan binti Silo hajawahi kuwa mtu wa kunyamaza. Mtaa wa juu wote unamjua kwa vitu viwili. Cha kwanza ni mablanketi yake mazito ya kujazwa sufu, ambayo ukijifunika Januari unaamka umeloa jasho. Cha pili ni mdomo wake. Mteja akilalamika kwamba mshono umepinda, Perîxan humtazama kuanzia viatuni mpaka utosini, kisha humwambia, "Mshono umenyooka. Nyooka na wewe." Kwa hiyo vijana wakisikia kwamba kuna neno moja alilimeza zima zima, hucheka. Wazee wa mtaa hawacheki.

Mambo yenyewe yalianzia kwenye mawe. Nyumba ya Silo ni ya Wakurdi, na nyumba ya Abdulkerim, ukuta wa pili, ni ya Waarabu. Mashamba yao ya mizabibu nayo yalipakana huko mlimani, kama vile Mungu alitaka kuhakikisha hawatapumzishana hata kazini. Shuleni watoto wa nyumba zote mbili waliambiwa kwamba wao ni Waturuki, na aliyejibu kwa lugha ya mama yake alichapwa viganja. Angalau kwenye viboko hapakuwa na upendeleo.

Mwaka mmoja theluji nzito iliangusha ukuta wa mpaka. Katika kuujenga upya, kila upande ukadai mwenzake ameingia ndani. Wakaanza kwa matusi, na kwa matusi mji ule umejaliwa, maana mtu huishiwa Kikurdi akahamia Kiarabu, na Kiarabu kikiisha Kituruki kipo. Zikafuata fimbo, na mkono wa Cemîl, mdogo wake Silo, ukavunjika. Halafu msimu wa zabibu risasi ikatoka upande usiojulikana ikamuua nyumbu wa Silo, kiumbe pekee katika ugomvi ule ambaye hakudai shamba.

Kila mtu alijua risasi ya pili haitatafuta nyumbu. Na ilikuwa miaka mibaya, askari wako kila njia panda, wenye bunduki wako milimani, na mtu akichelewa kurudi nyumbani mke wake haulizi yuko wapi, anaanza tu kulia. Kwa miaka kama hiyo nyumba inahitaji jirani.

Wakati huo Perîxan alikuwa msichana, na alikuwa na siri. Nezir, mtoto wa Abdulkerim, alikuwa akisomea ualimu, na kila msimu wa mavuno alikuja kusaidia shambani. Pale ukuta ulipoanguka ndipo walipozoea kuongea, Nezir akijifanya anakata mashada, Perîxan akijifanya anafukuza nyigu.

"Ugomvi ukiisha," Nezir alimwambia, "wiki hiyo hiyo naleta wazee kwenu."

"Na usipoisha?"

"Nitazeeka hapa hapa nikikata zabibu."

"Unazikata vibaya. Utafukuzwa kabla hujazeeka."

Basi Perîxan akajipa kazi ya kumaliza ugomvi. Kipupwe chote alimganda baba yake kama homa.

"Baba, mpaka lini?"

"Mpaka yule Mwarabu arudishe mawe yangu."

"Mlima mzima ni mawe, baba. Nenda kachague."

"Wewe umetumwa na nani?"

"Na nyumbu. Kanitokea ndotoni. Anasema yeye amesamehe."

Silo alicheka mpaka akakohoa, na mzee akicheka jambo, ujue limeshaingia. Alianza kukaa na wazee wenye ndevu nyeupe, akiuliza njia. Jioni moja ya masika aliingia ndani uso umemng'aa, akaketi, akaomba chai.

"Nimepata dawa," alisema. "Mjukuu wangu Rêzan amefika umri wa kutahiriwa. Kesho napeleka kondoo dume kwa Abdulkerim. Namwomba awe kirîv wetu."

Kirîv ndiye anayempakata mtoto mbele ya ngariba. Damu ya mtoto ikidondoka gotini mwake, nyumba mbili zimekuwa moja. Bunduki zinanyamaza, watu hawanyimani tena chumvi wala bega la kubebea jeneza. Na hawaoani. Watoto wa nyumba hizo ni kaka na dada mpaka siku ya kiama, wawe Wakurdi, Waarabu au Waturuki.

Bibi Xezal, mama yake Silo, alipiga kigelegele kikavu cha mtu asiye na meno. Mahsum, kaka yake Perîxan na baba yake Rêzan, alimbusu baba yao mkono. Perîxan alikuwa amesimama na sinia la chai. Likamponyoka. Wifi yake aliokota vigae vya glasi, akamwambia, "Furaha hiyo, mdogo wangu, itatumalizia vyombo."

Kondoo alipelekwa. Abdulkerim alilia mlangoni, watu walimwona. Alimchinja siku hiyo hiyo na kugawa nyama mtaa mzima, na kondoo akishaliwa neno limefungwa. Kumwambia mtu aliyekula, "Samahani, tumepata kirîv mwingine," ni tusi ambalo risasi ya nyumbu ni salamu mbele yake.

Nezir alikuja kwa basi la kwanza. Walikutana kwenye mawe yaliyoanguka, na safari hii hakuna aliyejifanya anafanya kazi.

"Nimemuuliza mufti," Nezir alisema. "Anasema kwenye Kitabu hakuna kitu kama hicho. Si haramu."

"Umenitaja?"

"Nina wazimu? Nimesema ni rafiki yangu."

"Pole zake rafiki yako."

"Perî, nisikilize. Kitabu hakikatazi. Serikali haijui hata maana ya neno lenyewe. Tukipanda basi mpaka Izmir, tukaenda kwa msajili wa ndoa, nani atatuuliza damu ya nani ilidondoka gotini mwa nani?"

"Hakuna?"

"Hakuna hata mmoja."

"Na lugha yangu wanaijua?"

"Huko? Hapana."

"Basi na mimi nitakuwa neno ambalo serikali haijui maana yake."

Nezir alianza kucheka kwa mazoea, akaacha. "Usigeuze kila kitu mzaha."

"Sijatania."

Upepo ulipita kwenye mizabibu ambayo ndiyo kwanza inachipua. Nezir aliokota jiwe, akaliweka juu ya jingine, kama mtu anayejenga.

"Basi sema," alisema. "Mwambie baba yako kabla ya tohara ya Ijumaa, na mimi nitamwambia wangu. Watatuua au watatuoza."

"Ami Cemîl mkono wake umepona, Nezir. Mkono wa kufyatulia."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo sijui. Niache mpaka Ijumaa."

Usiseme hakujaribu. Alimfuata bibi yake kibarazani, bibi anachambua dengu, akaketi karibu na kuanza kuchambua naye.

"Bibi, huu ukirîv umeandikwa wapi?"

"Umeandikwa?" Bibi Xezal aliinua uso. "Mimi nimeandikwa wapi? Kitambulisho changu kinasema naitwa Ceylan, jina la Kituruki. Kijana mmoja wa ofisini alilipenda jina hilo akaniandika. Miaka yote hiyo nimeitika Ceylan?"

"Hapana."

"Ehe."

"Na mtu akiuvunja?"

"Auvunje. Hafungwi. Mufti hamlaani. Hata mvua hainyeshi kwa hasira." Bibi alitupa kijiwe uani. "Kitu hiki hakina polisi, mwanangu. Polisi wake ni sisi. Tukilala usingizi, kimekwisha, na hakuna atakayejua kilikuwepo."

Aliendelea kumtazama mjukuu wake kidogo zaidi ya inavyohitajika, kisha akarudi kwenye dengu zake. Perîxan alikuwa na neno mdomoni tayari. Alichambua sahani nzima, akainuka nalo.

Ijumaa ikafika. Zumari na ngoma vilianza asubuhi, na uani watu walishikana vidole wakacheza kwa mstari, Wakurdi kichwani, Waarabu mkiani, wakikanyagana. Masufuria ya ngano na nyama yalichemka. Cemîl alikuwa katikati ya mstari, mkono wake uliopona umeshikwa na kijana wa kina Abdulkerim, na walikuwa wakitukanana kwa furaha.

"Wewe Mwarabu, miguu hiyo umeazima?"

"Nimeazima kwa nyumbu wenu!"

Mstari mzima ulisimama. Kisha Cemîl akacheka, akacheka mpaka akainama, na ua mzima ukacheka naye. Perîxan aliona yote hayo kutoka dirishani. Ilikuwa amani kweli, na mkono wake mwenyewe ulikuwa umeikanda kipupwe chote.

Ndani, Abdulkerim alikaa kwenye kiti, mzee mwenye mabega mapana na mikono inayotetemeka. Kitambaa cheupe cha kutandaza gotini kilikuwa cha upande wa mtoto, na anayekileta ni mwanamke wa nyumba. Wifi yake alikuwa anamshika Rêzan aliyekuwa akipiga mateke kama mbuzi. Kwa hiyo kitambaa alikileta Perîxan.

Alisimama mbele ya yule mzee. Ngariba alikuwa anaosha mikono. Baba yake alikuwa pembeni, na Nezir mlangoni, amevaa koti la mjini, uso umemkauka. Abdulkerim alimtazama Perîxan, akasema kwa Kikurdi chake cha kuvunjika vunjika, "Binti yangu, nisaidie. Mikono yangu leo haina adabu."

Ilitosha asitandaze. Ilitosha aseme, "Subiri kidogo, ami." Maneno mawili matatu, yeye aliyekuwa na maneno kwa kila mshono.

Alimwangalia baba yake. Silo alikuwa akitabasamu kwa macho yenye machozi, kama mtu aliyerudishiwa kitu alichokuwa ameshakizika. Perîxan aliinama, akakitandaza kitambaa gotini mwa mzee, akakinyoosha mara mbili, kwa sababu kilikuwa na mkunjo na yeye haachi mkunjo.

"Rêzan," Abdulkerim alisema, akimpakata mtoto, "ona yule njiwa juu ya dirisha! Ana miguu mitatu!"

Mtoto alitazama juu. Yakawa yamekwisha. Damu ilidondoka kwenye nyeupe, wanawake wakapiga vigelegele, na kimojawapo kilikuwa cha Perîxan. Wanaosimulia wanasema kilikuwa kirefu kuliko vyote, na kwamba baadaye sauti ilimkauka kwa siku kadhaa.

Nezir alipita mbele yake akitoka. Alisimama.

"Hongera, dada," alisema.

"Na wewe, kaka."

Risasi ya pili haikupigwa kamwe. Mpaka haukujengwa tena. Wanachuma zabibu hadi wanapokutana, wanakula pamoja, wanarudi. Vijana wa nyumba zile mbili walifichana kwa zamu askari walipokuja, na Silo alipofariki, bega la kwanza chini ya jeneza lilikuwa la Abdulkerim, ambaye kwa umri ule ilibidi yeye mwenyewe ashikiliwe. Perîxan aliposwa mara kadhaa na kila mposaji aliondoka na jina jipya la utani. Mmoja mpaka leo anaitwa Bakuli, na wajukuu wake hawajui kwa nini.

Bibi Xezal alikufa kabla ya Silo, kitandani, chini ya blanketi la Perîxan. Karibu na mwisho alimshika mkono.

"Siku ile ya dengu," alisema. "Nilijua."

Perîxan alinyoosha ukingo wa blanketi kwa mkono wa pili.

"Nilikuwa nakusubiri useme. Ungesema, ningeenda mwenyewe kwa Abdulkerim nikalala mlangoni kwake mpaka alifungue lile neno la ukirîv. Mimi nilikuwa mkongwe, wangenivumilia."

"Kwa nini hukusema wewe, bibi?"

"Si langu kulisema." Alipumzika. "Unanilaumu?"

Perîxan alimfunika vizuri mabega. Alitoka nje, akapiga sufu kwa fimbo uani mpaka majirani wakafunga madirisha.

Nezir alihamia Izmir, akafundisha, akaoa mwanamke wa huko. Alikuja misibani, akasalimia, akaondoka. Hivi karibuni, asubuhi moja, msichana mwenye begi mgongoni alibisha mlango wa Perîxan. Kikurdi hajui, Kiarabu hajui. Kwa Kituruki alisema anaitwa Selma, ni binti wa Nezir, amegombana na wazazi wake na amesafiri kwa basi usiku kucha.

"Na ukaona uje kwangu?" Perîxan alimuuliza, kwa Kituruki kile kile alichochapiwa viganja.

"Baba alisema tangu nikiwa mdogo: nikikwama popote duniani, nije nyumba hii. Alisema hapa hamwezi kunifukuza." Msichana alisita. "Ni kweli, shangazi?"

"Ni kweli. Vua viatu."

Alimtandikia chumba cha ndani, akaweka blanketi ambalo lilikuwa la bibi harusi mmoja wa mtaa wa chini. Bibi harusi atasubiri. Kisha akampigia simu Nezir. Hawakuwa wameongea tangu mazishi ya mwisho.

"Mtoto wako yuko kwao," alimwambia. "Usimfuate mpaka akuite." Akakata.

Jikoni aliweka mezani mkate, jibini na asali ya zabibu. Selma alikuwa akitazama picha za ukutani, kina Silo na Abdulkerim wamekaa benchi moja.

"Shangazi, wewe na baba mlikua pamoja?"

Perîxan alimkatia mkate, akampa kipande kikubwa.

"Tulikuwa majirani," alisema. "Kisha tukawa ndugu. Kula."