Ndege Waliompa Mama Kuku

Mwezi wa nne ukikaribia, mbayuwayu hujipanga kwenye nyaya za stima mbele ya nyumba yetu hapa Matinyani, na wakianza kupiga domo hata redio huisikii. Wanaongea wote kwa pamoja, hakuna anayemsikiliza mwenzake, kama wanakwaya kabla mwalimu wao hajafika. Wiki iliyopita kelele hiyo ilinikuta nikianika nguo. Nikasimama na shuka mkononi, maji yakinitiririkia miguuni, nikajiona niko darasa la pili tena.

Mwaka huo mama alikuwa ameondoka. Niliamka asubuhi nikakuta upande wake wa kitanda ni baridi, na susu, nyanya yangu, akanipa uji na kuniambia mama ameenda kazini. Hakusema wapi. Sisi watoto habari nyingi tulizipata kwa kuokota, na hii niliiokota shuleni, siku anti alipokuja kuzungumza na mwalimu wangu, Mwalimu Mutisya.

"Mamake huyu ameenda Saudi," anti alimwambia. "Ameenda na ndege juzi, na atarudi tu na ndege. Lakini tusimwambie mtoto sana, atalia."

Sikulia. Nilichanganyikiwa. Kwa Kikamba jambo hili halina shida: nyunyi ni yule wa manyoya, ndeke ni ile ya chuma. Lakini hao wawili walikuwa wanaongea Kiswahili, na Kiswahili changu chote kilitoka kwenye chati ya ukutani, ambapo chini ya picha ya kiumbe mwenye mdomo na mabawa paliandikwa NDEGE. Basi mama alibebwa na hao. Nilijiuliza walikuwa wangapi, maana mama hakuwa mwembamba. Nikaamua kwamba lazima walimfunga kwenye leso, wakaishika pembe zote nne.

Jumapili baada ya kanisa mama alipiga kwa simu ya anti. Kwenye simu mama alitaka tuongee Kiswahili, ati nizoee cha mtihani. Nikamuuliza kama ndege walimbeba vizuri.

"Vizuri sana," akasema. "Hata huko juu tulipewa chakula."

"Chakula gani?"

"Wali na kuku."

Nilimrudishia anti simu yake. Ndege kumbeba mtu nilikuwa nimeshakubali. Lakini ndege kumpikia mtu kuku, hilo lilinishinda kabisa, na kwa siku nyingi niliwaangalia kuku wa susu kwa huruma.

Mwalimu Mutisya alizidi kunikoroga bila kujua. Alipenda ndege kuliko alivyopenda chaki. Alikuwa na darubini kuukuu, nzima jicho moja tu, na Ijumaa alitutoa nje tupokezane kutazama mbayuwayu kwenye nyaya. "Hawa ni wageni," alituambia. "Mwezi wa nne wanarudi kwao kutaga mayai, mbali huko kaskazini. Wanapitia Uarabuni." Wenzangu walikuwa wanasukumana wapate darubini. Mimi nilibaki nyuma nikiwaza Saudi. Kila kitu kilikuwa kinakubaliana.

Nilimwambia mama ndege wanakuja kwake, awaangalie. Jumapili iliyofuata akasema amewaona, na mmoja amekaa dirishani kwake. Nilifurahi mpaka nikashindwa kula. Tangu hapo, kabla ya kuniuliza habari za shule, aliuliza za ndege. Wangapi wamebaki kwenye waya? Mkia wao ukoje? Mawingu yametokea upande gani, mvua imepiga kilima au bado? Wale walipokwisha akauliza za kanga na njiwa. Nilimjibu yote, lakini nilishangaa mtu mwenye ndege dirishani anataka kuambiwa habari zao za nini.

Mwezi wa kumi na moja mvua ilinyesha na mbayuwayu wakarudi. Nilimwomba Mwalimu darubini nikawakagua mmoja mmoja mpaka jicho likatoa machozi. Mama hakuwepo. Nikaokota mawe nikaanza kuwarushia, nikilia kwa hasira, mpaka Mwalimu akanishika mkono.

"Mumbua, wamekukosea nini?"

"Wamemwacha mama."

Kisha akachuchumaa, na kwa kijiti akachora kwenye matope kitu chenye mabawa, madirisha na magurudumu. "Hii pia inaitwa ndege," akasema. "Mama alienda na hii. Atarudi kazi ikiisha." Nilikiangalia kile kitu nikamuuliza kama ndicho kilichopika kuku.

Mama alirudi baada ya miaka miwili, mwezi wa nane, vumbi limejaa na nyaya ni tupu. Nilitazama juu kwanza, halafu ndipo nikamtazama yeye. Alikuwa amekonda sana. Ndege wawili wangemtosha.

Basi wiki iliyopita niliacha nguo nikaingia ndani. Mama alikuwa anachagua ndengu kwenye ungo. Nikamuuliza yule ndege wa dirishani kule Saudi alikuwa wa rangi gani.

"Dirisha gani?" akauliza, bila kuinua macho.

"La kwako. Yule ulisema amekaa hapo."

Alitoa kijiwe kwenye ndengu, akakitupa kando. "Kule nilikuwa nalala jikoni, na jikoni hakukuwa na dirisha. Nje sikuruhusiwa. Sasa wewe umeniambia wanakuja, ningekuambia nini?"

Zile Jumapili zote nilidhani mama ananipima Kiswahili. Kumbe mawingu, mvua, mikia ya ndege, vyote hivyo alikuwa anavitaka kweli, kwa sababu hakuwa na pengine pa kuvipata. Iliniuma. Nilimwondolea ungo mapajani, nikamshika mkono.

"Mwaitu, njoo nje. Wako hapa."

Alisimama uani, kiganja juu ya macho, akawatazama vizuri kwa mara ya kwanza, mpaka nikadhani shingo imemuuma.

"Kumbe mkia ni ya kupasuka kweli," akasema, "vile ulikuwa unaniambia."