Nani wa Kumwamuru Mama

Karibu msimu mzima wa korosho mama yangu alikuwa anafagia kuzunguka bomu. Nasema bomu sasa, wakati ule hakuna aliyekuwa na hakika. Sisi tulisema chuma. Yeye alisema mgeni.

Kilikuwa chini ya mkorosho mkubwa katikati ya shamba lake kule Lionja. Mvua za mwaka ule ziliufukua udongo, na kiangazi kilipokausha majani tukaona mgongo wake, wa kahawia, wenye kutu, mrefu kama mtoto aliyelala kifudifudi. Kwetu korosho zikianza kudondoka, chini ya mti panafagiwa mpaka paonekane kila punje. Basi siku niliyompelekea chumvi nilimkuta na fagio lake la vijiti, anafagia mpaka ubavuni mwa kile chuma, analizungusha fagio taratibu kama unavyofagia miguuni kwa mtu aliyekaa kitini, kisha anaendelea upande wa pili. Nilisimama pale pale. Nilisahau hata kuamkia.

"Mama, toka hapo."

"Nikitoka, ataokota nani?"

Mimi ni mwenyekiti wa kitongoji. Nilichaguliwa kwa sababu ya mdomo wangu, nao walionipigia kura hawakunificha hilo. Nina muhuri, nina kiti cha plastiki kwenye mikutano, na siku ile nilijiona nina serikali nzima mkobani. Nikamwambia mama asikiguse, akae mbali, wiki haiishi askari watakuja kukiondoa. Kambi iko Nachingwea mjini. Askari wenyewe nawajua kwa sura, wananunua nyanya sokoni na kubishana bei kama sisi. Nikaona ni kazi ya nusu siku. Wewe acha tu.

Sikwenda hata kwa mtendaji wa kijiji. Nilipanda bodaboda moja kwa moja mpaka getini kambini. Askari wa zamu alikuwa kijana mwenye adabu, akaniamkia, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Nenda ofisi ya mkuu wa wilaya, mama," akasema.

"Kutoka hapa mpaka shambani ni mwendo wa pikipiki tu. Si unakuja unaangalia?"

"Amri haipiti njia hiyo, mama." Halafu akaongeza kwa sauti ya chini, "Mwambie bibi asikigonge." Na aliposema hivyo hakuniangalia mimi, aliangalia nyuma yangu barabarani, mpaka na mimi nikageuka. Hapakuwa na kitu.

Ofisi ya mkuu wa wilaya nilipelekwa kwa mshauri wa mgambo. Huyu ni mwanajeshi, kapteni mtu mzima, anavaa magwanda, lakini kiti chake kiko katikati ya raia, mlango wa pili kutoka kwa makarani. Nilimweleza kwa ukali, maana nilikuwa nimeshachoka. Akaweka vidole viwili mezani.

"Mwenyekiti, juu kabisa yuko mtu mmoja. Rais. Ni raia, amepigiwa kura kama wewe, na ndiye Amiri Jeshi Mkuu. Kutoka kwake zinashuka kamba mbili. Hii inapita kwa Waziri wa Ulinzi na Katibu Mkuu wake, nao ni raia. Hapo kuna sera, sheria, bajeti, na anayeulizwa maswali bungeni. Hii nyingine inapita kwa Mkuu wa Majeshi, Mnadhimu Mkuu yuko chini yake, halafu kamandi, brigedi, kikosi, mpaka yule kijana wa getini. Amri ya kusogeza askari inashuka kwa kamba hii ya pili. Haikatizi pembeni."

"Na mkuu wa wilaya? Si anamwakilisha Rais?"

"Anamwakilisha. Ni mwenyekiti wa kamati ya usalama ya wilaya, na mimi nakaa humo. Anaweza kuomba jeshi lisaidie. Ombi litapanda, likikubaliwa litarudi chini likiwa amri. Yeye mwenyewe hana uwezo wa kumwambia askari hata mmoja asimame au akae."

Nilipandwa na hasira mpaka masikio yakawa ya moto. Nikamwambia basi mama yangu afe kwa utaratibu wenu. Hakukasirika. Aliniuliza tu kama ningefurahi kila mwenye ofisi hapa wilayani awe na uwezo wa kuita kikosi, siku akigombana na mtu juu ya mpaka wa shamba. Nikawafikiria wenye ofisi ninaowajua, mmoja baada ya mwingine. Nilichukia kwamba anasema kweli.

"Mgambo nitakupa leo," akasema. "Hao wako upande wetu huku."

Walikuja wawili, watu wazima wenye wajukuu, wamevaa kijani. Walisimama kwenye ukingo wa shamba, mgongo kwa mikorosho, uso njiani, kwa sababu kazi waliyotumwa ilikuwa kuzuia wanaoingia. Mama yangu alikuwa ndani tayari, kwa hiyo hakuwahusu. Ukifika unaona migongo miwili, na nyuma yao, mbali, mwanamke mzee anafagia. Sikupenda kabisa kuiona picha ile.

Na shamba lenyewe lilikuwa limebadilika. Kila msimu tunapigana na ngedere kwa ajili ya mabibo, tunapiga madebe mpaka mikono inauma. Mwaka ule hawakuja. Mabibo yaliiva, yakaanguka, yakachacha palepale, harufu ya pombe ikajaa shamba zima na hapakuwa hata na ndege wa kudonoa. Saa saba mchana jua likipenya matawini na kukipata kile chuma, kilikuwa kinalia. Tik. Kimya kirefu mpaka unasahau. Tik. Mgambo mmoja alinieleza kwamba ni kutu tu, chuma kikipata joto hutanuka, hata mabati ya nyumba hulia hivyo. Alikuwa anaeleza vizuri sana, lakini kila nilipokwenda nilimkuta amehamia mti wa mbali zaidi.

Nilikaa na mama kwenye kibanda chake cha shambani nikambembeleza. Mama anasema Kimwera. Kiswahili chake ni cha sokoni, kifupi kifupi, anakitumia na wageni. Kwa Kimwera alinieleza jambo ambalo sikuwahi kulisikia maishani mwangu. Baba alikiona kile chuma zamani, akichimba shimo la kuotesha mkorosho. Alikifukia, akasogea kidogo, akaotesha mti pembeni yake.

"Kwa nini hamkusema?"

"Tungesema, wangekuja watu na shamba lingeondoka. Baba yako hakuniachia kingine."

Nikamuuliza, basi wakati wote ule kilikuwa wapi? Akanyoosha kidole. "Pale palipokuwa na kichuguu. Nilikuwa nakaa pale nikipumzika. Nilikunyonyesha pale."

Kichuguu kile nakikumbuka! Mimi na mdogo wangu tulikuwa tunaruka kutoka juu yake, tunashindana nani atafika mbali, tunatua kwa visigino, na mama anacheka. Tulikuwa tunatwangia hapo. Nilitoka nje ya kibanda nikatapika, na sioni aibu kusema.

Ndipo nikampigia mdogo wangu anayeishi Ruangwa, karibu na stendi. Akaja akamchukua mama kwa ujanja, eti mjukuu anaumwa. Nikapumua. Nilianza hata kulala vizuri, ombi linapanda, mama yuko mbali, acha kamba zifanye kazi yake. Asubuhi moja mdogo wangu akanipigia sauti inamtetemeka.

"Dada, mama yuko huko?"

"Kwangu? Si yuko kwako?"

Nilikimbia mpaka shambani, kanga imenivuka. Mgambo walikuwa mahali pao, wakaniamkia, wakasema hakuna aliyeingia. Nikapita. Kabla sijamwona yeye niliona alama za fagio, mbichi, zimezunguka mkorosho mstari baada ya mstari, hakuna wayo hata mmoja uliozikanyaga. Halafu nikamsikia anakohoa ndani ya kibanda. Alikuwa amepanda gari la alfajiri kutoka Ruangwa, akashuka njia panda, akakata kwa nyuma kupitia shamba la jirani. Mwanamke wa miaka ile!

Kapteni alinipigia siku chache baadaye. "Imeshuka, mwenyekiti."

Kapteni alikuja na wataalamu, hawakuwa wa kambi yetu. Aliyewaongoza alikuwa luteni, mwanamke kijana, sauti ndogo. Alikwenda peke yake chini ya mkorosho, akapiga magoti, akakaa hivyo kwa muda mrefu. Aliporudi uso wake ulikuwa umekauka. Akamwambia kapteni, nami nasikia, kwamba kitu kile kiko hai na hakihamishiki, kitalipuliwa palepale kilipo. Mkorosho utakwenda nacho. Watu wote wavuke mto ulio chini ya shamba.

Watu walivuka. Mgambo walivuka wa kwanza. Mama alibaki kwenye mkeka wake.

Luteni alikwenda kumwomba, ameinama, shikamoo bibi, tafadhali bibi. Mama alimjibu kwa Kimwera na kuendelea kukaa. Luteni akarudi.

"Askari wangu hawamkamati raia," alimwambia kapteni. "Amri niliyopewa ni ya kile chuma. Ya bibi sina."

"Na mimi nina mgambo, wameshavuka," kapteni akasema. "Tukiita polisi watakuja, watambeba."

Akilini nilimwona mama amebebwa miguu na mikono, kanga imepanda magotini, mbele ya kitongoji kizima ng'ambo ya mto. Nikasema hapana, hilo hapana.

"Eneo hili kiongozi wake wa kiraia ni nani?" luteni akauliza. Aliuliza tu, kama mtu anavyouliza njia. Lakini kapteni alikuwa ameshaniangalia.

Kwa hiyo ile kamba yote, tangu juu kabisa, kupitia kwa watu ambao sitawaona maishani, ilikuwa imeshuka na kuishia mkononi mwangu. Nikaingia kibandani. Nilianza kama mtoto: mama nakuomba, mama nihurumie. Hakukasirika. Alisogea kidogo, akapapasa mkeka pembeni yake.

"Kaa, mwanangu. Tukae wote."

Nami nilitaka kukaa. Nilitaka kuliko nilivyowahi kutaka jambo lolote. Kule nje palikuwa kimya, hata askari hawakukohoa, na mkono wa mama ulikuwa unapapasa mkeka kama alivyokuwa akinibembelezea usingizi, na mimi nilikwisha kuinama nikae. Kilichonitoa ni ile tik. Ilisikika mpaka ndani.

Nilisimama wima. Niliacha Kimwera. Nikasema kwa Kiswahili, kile cha mikutanoni, sauti ikanitoka kubwa kuliko nilivyokusudia: "Mimi mwenyekiti wa kitongoji hiki nakuamuru uondoke katika eneo hili sasa hivi."

Mama aliniangalia. Ule mkono uliacha kupapasa. Akanyanyuka bila kushika ukuta, akafunga kanga yake vizuri, akanipita mlangoni akijibana ili asiniguse, akawapita luteni na askari wake, akashuka mtoni na kuvuka. Hakugeuka.

Mlipuko haukuwa na kelele niliyoitegemea. Ardhi ilinipiga nyayo mara moja, kisha vumbi likapanda juu na kusimama. Halafu majani ya mkorosho yakaanza kutudondokea, kule ng'ambo, hakuna upepo, yanashuka moja moja kwa muda mrefu. Watu walikuwa wanajipangusa. Mama aliyaacha yamkae begani.

Shamba hakuna aliyelichukua. Luteni alimaliza, akampa kapteni mkono, wakaondoka jioni ileile. Mikorosho mingine yote ipo na inazaa, ngedere wamerudi na matusi yao, na lile shimo nimelifukia mimi mwenyewe kwa jembe. Mama anaishi kwangu sasa. Anakula, anacheka na wajukuu, anawasimulia kwa Kimwera mpaka wanasinzia. Mimi ananisemesha Kiswahili.

Kila asubuhi nikimwamkia, shikamoo mama, ananyanyuka kutoka mkekani na kusimama wima, mikono ameishusha, kama watu wanavyosimama kiongozi akiingia mkutanoni. "Marahaba, mwenyekiti," anasema. Nimelia mbele yake, nimepiga magoti, nimemwitia mashehe wawili wa hapa kijijini. Anawasikiliza vizuri sana. Kesho yake ananyanyuka tena, na magoti yale yanavyomuuma naona jinsi anavyotetemeka, lakini hakai mpaka nimwambie akae.