Cherehani Bila Uzi

"Mguu wa Fundi ni mzima kuliko wangu na wako," alisema jirani yetu wa chumba cha kona, ameinama bombani anasuuza ndoo. "Anashona kwa siri yule. Anangoja pesa ya bima tu. Ikishatoka, utamwona anaruka kamba."

Jirani huyo tunamwita Tarumbeta, na yeye mwenyewe anaitika. Hana roho mbaya. Siku niliyoshikwa na uchungu ndiye aliyekimbia kunitafutia gari, ingawa njia nzima alikuwa akitangaza kwamba najifungua. Shida yake ni moja: neno likifika kwake halilali, lazima lisafiri.

"Umemwona akishona?" nikamuuliza.

"Kuona kwa nini, mama Kidoti, na haya masikio nimepewa ya kuvalia hereni tu? Cherehani inalia mchana, mlango umefungwa. Inajishonea yenyewe?"

Nilijitwisha ndoo nikaondoka. Hata mimi cherehani hiyo nilikuwa nimeisikia.

Chumba changu na cha Fundi vinagawana ukuta mmoja. Ukipiga chafya huku, kule wanakupa pole. Nilipohamia hapa nikiwa na mimba, baba Kidoti alikuwa tayari amekwenda mbali kwenye kazi za ujenzi, na sauti ya kwanza niliyoizoea ilikuwa ya cherehani ya Fundi. Ilianza nikiwa bado sijatandika kitanda. Ilikwenda mfululizo, ikapumzika kidogo akigeuza kitambaa, ikaendelea tena, kama mtu anayesimulia jambo refu bila haraka. Kidoti alipozaliwa, hakuna wimbo niliomwimbia ukamlaza kama ile sauti. Nilikuwa namweka kifuani, nakaa nimeegemea ukuta, naye analegea taratibu mpaka kiganja kinafunguka.

Halafu Fundi akagongwa.

Alikuwa anatoka kupeleka sare za wanafunzi, anatembea pembeni kabisa mwa barabara. Pikapu ikakwepa shimo, ikamkuta pale pale alipo. Sare za kurekebishwa zilizokuwa mkononi zilitawanyika hadi mtaroni, na waliokuwepo wanasema yeye, huku mguu umekunjika vibaya, alikuwa anawaambia watu wasizikanyage. Dereva hakukimbia. Alimpeleka hospitali mwenyewe, akaja kumtazama na matunda. Lakini nyuma yake walikuja ndugu zake, wakakaa kitandani na maneno matamu: "Mama, ya nini polisi na bima? Tuyamalize sisi kwa sisi." Fundi alikuwa karibu kukubali, maana ni mtu wa haya. Mgonjwa wa kitanda cha pili ndiye aliyemkatiza: "Dada, usikubali kitu ukiwa umelala. Subiri ukae."

Akasubiri akakaa. Kwenye ofisi ya msaada wa sheria akapata wakili, binti mdogo mwenye viatu vya vumbi. Binti akamweleza kwa lugha ya kueleweka: gari lina bima kwa ajili ya watu kama yeye, kudai si kuomba na wala si kumwonea dereva. Ripoti ya polisi ipo. Inayongojwa ni ya daktari, kwa sababu mfupa umeunga vibaya, inabidi uvunjwe upangwe upya, na matibabu hayo yanatakiwa yawemo kwenye madai. Watu wa bima walikuwa wameshaleta karatasi atie saini apewe kidogo mapema. Wakili akasema, "Ukisaini hii, mama, umesema huna dai lingine. Na mguu je?"

Kwa hiyo madai yalikuwa ndiyo njia ya mguu, na mguu ndiyo njia ya cherehani. Mimi nilijua hivyo. Ndiyo maana maneno ya bombani yalinitia hofu.

Mchana wa siku hiyo cherehani ikalia tena. Kidoti aliinua kichwa, akatazama ukutani, akacheka. Mimi nikasikiliza vizuri. Haikuwa ileile. Ilikwenda kidogo, ikakata, ikaenda, ikakata, kama mtu anayepanda mlima na mzigo. Nikambeba mtoto mgongoni, nikamimina chai kikombeni, nikaenda kubisha hodi.

"Nani?"

"Mimi, mama. Nimekuletea chai."

"Sukuma, mwanangu. Haukufungwa kwa ufunguo."

Alikuwa amekaa kwenye benchi lake lilelile, mguu mbovu ameunyoosha juu ya kigoda. Mkono wa kulia ulikuwa kwenye gurudumu la cherehani, analizungusha. Sindano ilikuwa inapanda na kushuka. Chini yake hapakuwa na kitambaa. Uzi haukuwepo. Bobini ya uzi wa chini ilikuwa mezani, tupu.

Niliweka kikombe nikakaa kwenye mkeka.

"Umenifuma," akasema, na mkono ukasimama. "Naisikiliza tu. Ukimya wake unaniumiza kuliko mguu."

"Mama, huko nje wanasema unashona."

"Wanasema? Wangejua ninavyoitamani hiyo kazi wanayonisingizia!" Akacheka, kisha akajifuta uso kwa ncha ya kanga. "Mkono mmoja ukizungusha, unabaki mmoja wa kushika kitambaa. Nguo haishikwi kwa mkono mmoja, mwanangu, inakwenda inakotaka. Nimejaribu na mguu wa kushoto peke yake. Gurudumu linarudi nyuma, uzi unakatika, na nyonga inawaka moto. Tarumbeta aliniambia nifunge mota. Nayo inataka mguu, tena ina haraka kama mwenye mafua anayetafuta leso."

Juu ya rafu, kati ya nguo za watu ambao hawakurudi kuzichukua, palikuwa na vipande vidogo vya kitambaa cha njano vimebanwa pamoja kwa pini. Aliona ninakotazama.

"Ni gauni la Kidoti hilo. Nililikata kabla ya ajali, niwashtukize siku akianza kukaa. Sasa anatembea." Alinyoosha mkono akashika kiguu cha mwanangu kilichoning'inia mgongoni kwangu. "Kila nikilitazama, yeye amekua na lenyewe liko vilevile."

Nilimsogezea kikombe. Nikamwambia chai inapoa.

Maneno ya Tarumbeta yalifika mbali kuliko yeye mwenyewe alivyodhani. Kijana fulani mwenye heshima zake, kumbe katumwa na watu wa bima, alimkuta dukani, akamuuliza kama mtaani kuna fundi mzuri, naye akamjibu yupo, tena anashona kila mchana, eti mguu. Haikupita wiki wakili akapiga simu: kampuni ya bima imesimamisha madai. Wanasema mama amerudi kazini. Watakuja kuona kwa macho yao, na mama asimpokee mtu mpaka yeye wakili afike.

Fundi hakulia. Aliomba nimsaidie kufagia, akavaa gauni lake la kutokea, akapaka mafuta cherehani kama anayemwandaa mtoto kwa picha.

Mtu wa bima alikuja na mkoba na jasho. Wakili alikaa kitandani, mimi mlangoni na Kidoti. Dirishani nje palikuwa na Tarumbeta, anaanika kitambaa kimoja kwa muda mrefu sana.

"Mama, samahani, nimekuja kuhusu shughuli," mgeni akasema.

"Usiombe samahani, baba. Shughuli ndiyo hii. Kaa uione."

Alitia uzi mara moja tu, bila miwani. Akaweka kipande cha kitambaa, mkono mmoja ukashika, mwingine ukazungusha. Mshono ulitoka umepinda kama njia ya mlevi. Alikichomoa kitambaa, akamkabidhi mgeni. Kisha, kabla wakili hajamzuia, aliushusha mguu mbovu kutoka kwenye kigoda, akauweka kwenye kanyagio, akakanyaga. Kanyagio ilishuka. Haikurudi. Mguu uliteleza ukaanguka pembeni kama si wa kwake, na jasho likamtoka juu ya mdomo.

"Basi, mama. Basi, inatosha," mgeni akasema, ameshainuka kumshika.

Akamrudishia mguu juu ya kigoda. Kisha akauliza, si kwa kumtega, "Lakini majirani wanaisikia. Kama hushoni, unazungusha nini?"

Fundi alishika ukingo wa meza. "Nyumbani kwenu mlikuwa na saa ya ukutani?"

"Ilikuwepo. Ya marehemu baba."

"Iliposimama, hukuwahi kuigusa mshale, ukausukuma kidogo tu, hata kama unajua saa zenyewe si hizo?"

Yule bwana alitoa simu. Alipiga picha mshono uliopinda, akapiga picha kanyagio na mguu. Akatoa na ile karatasi mkobani, maana ndivyo alivyotumwa. "Ukisaini leo, mama, fedha hazichelewi."

Niliona macho ya Fundi yakienda kwenye kalamu. Wakili naye aliona, akamwachia mwenyewe.

"Daktari akisema mguu unataka nini, nitasaini," Fundi akasema. "Kabla ya hapo nitakuwa nakuuzia nguo ambayo sijaipima."

"Mimi si wa kuamua," mgeni akajibu, akirudisha karatasi. "Nitaandika nilichokiona." Alipofika mlangoni alimsogeza Kidoti taratibu asimkanyage, akaaga kwa heshima.

Wakili alipokuwa anavaa viatu vyake vya vumbi, Fundi akamuuliza, "Binti, nikishona kwa mguu wa mtu mwingine, kuna kesi?"

"Mguu wa mtu mwingine?" Wakili akacheka. "Sheria haikatazi jirani kukusaidia, mama. Lakini mambo yako yote yafanye peupe. Kilichokuponza ni mlango uliofungwa."

Akaenda zake. Tukabaki watatu, na cherehani inanukia mafuta. Nje Tarumbeta alikuwa bado na kile kitambaa chake.

"Jirani," Fundi akamwita kupitia dirisha, "hicho kimekauka mara mbili sasa."

"Nilikuwa napita tu, dada."

"Basi usipite. Kaa hapo nje, ushuhudie. Ukitangaza, utangaze yote."

Tarumbeta alikitundika kitambaa chake kambani. Alivuta ndoo, akaigeuza, akaikalia.

Fundi aliniashiria rafu. Nilimteremshia vile vipande vya njano. Alimwita Kidoti, akamgeuza huku na huku, akampima kwa futi iliyokuwa shingoni mwake, midomo ikimchezacheza. Akachukua utepe mweupe akauweka pembeni mwa kitambaa. Tukitia huu mbavuni na mwingine kwenye pindo, alisema, litamkubali, ila tusichelewe, mtoto hangoji mtu. Alichomoa pini moja moja akazibana kwa meno. Kisha akajisogeza mwisho wa benchi kwa shida, akapapasa nafasi iliyobaki kando yake, mbele ya kanyagio.

Akazitoa pini mdomoni.

"Mwanangu," akasema, "fungua huo mlango wote, ukutane na ukuta. Halafu vua ndala uje ukae hapa. Niazime mguu wako."