Mshenga na Ile Mechi ya Kwanza

Jumamosi moja nilikwenda Liverpool, ile ya pembeni mwa Sydney, kumposea kijana mke, na nusura posa ivunjike kwa sababu ya raga.

Kijana mwenyewe ni Mkongo. Wazazi wake walipelekwa kaskazini mwa Uingereza kama wakimbizi, akakulia huko, kisha akaja Sydney kufanya kazi ya kuwatunza wazee. Tulikuwa tumepanga nyumba moja huku huku Sydney, mtaa wa Kensington, mimi nikiwa Mtanzania ninayekula kwa takwimu katika ofisi ya mjini. Wajomba zake wote wako mbali, kwa hiyo akaniomba niwe mshenga. "Kaka, wewe unajua kueleza vitu," aliniambia. Nilifurahi sana kuambiwa hivyo.

Hapa lazima nieleze kidogo, na usiogope kama hujawahi kutazama raga. Ninayoisema ni ile ya wachezaji kumi na watatu kila upande, iliyozaliwa kaskazini mwa Uingereza na kupendwa Sydney kama mpira wa miguu unavyopendwa kwetu. Kila nchi ina ligi yake. Kisha bingwa wa Uingereza na bingwa wa huku hukutana katika mechi moja, kwa kawaida mara moja kwa mwaka, ingawa kuna miaka inayorukwa, na mshindi huitwa klabu bingwa ya dunia. Iko klabu ya Sydney na iko klabu ya Uingereza ambazo zimelitwaa taji hilo kuliko wengine wote, nazo ziko sawa. Lakini usawa wao una sharti. Mechi ya kwanza kabisa, ambayo hao wa Sydney walishinda, ilichezwa kabla mashindano hayajawekewa utaratibu. Baadhi ya watunza kumbukumbu huihesabu, wengine husema haikuwa rasmi. Ukiihesabu, wako sawa. Ukiiacha, Waingereza wanaongoza.

Kijana wangu ni shabiki wa hao Waingereza. Baba wa binti, naye Mkongo aliyeletwa huku kama mkimbizi, ni shabiki wa hao wa Sydney, na siku hiyo alivaa suti, kisha juu ya suti akajizungushia skafu ya klabu yake, makusudi.

Tulipoketi, shangazi wa binti akaanzisha utani wa posa. "Hawa wageni wamepotea njia? Duka la mihogo liko mtaa wa pili."

"Hatujapotea, mama," nikajibu. "Mihogo tunayo. Tumekosa wa kuipika."

Sebule ikacheka. Nikaona kazi hii naiweza.

Baba akainyoosha skafu yake. "Bon, mshenga. Munatoka kwa Waingereza munakuja kutuomba binti. Lakini kwa raga, dunia nzima, hakuna mtu mwenye kutupita. Kweli ao uongo?"

Jibu lilikuwa linaning'inia mbele yangu kama nguo kwenye kamba. Mshenga mwenye akili husema, "Kweli, mzee, ndiyo maana tumekuja kwa washindi," vigelegele vinapigwa, mambo yanasonga. Mimi niliona hesabu iliyokosewa.

"Mzee, hapo tuangalie kidogo," nikasema, kwa ile sauti yangu ya kufundishia. Nikamweleza habari ya mechi ya kwanza. Nilieleza kwa upole, hata nikapanga vikombe vya chai mezani viwe mataji, nikakisogeza kimoja pembeni. Kijana alinigusa goti. Nilidhani ananitia moyo.

"Kwa hiyo hiki tunakiacha," nikamalizia. "Jambo lililofanyika bila utaratibu rasmi, hata likiwa la kweli, halihesabiki."

Mama wa binti alikuwa amesimama mlangoni na birika mkononi.

"Papa mshenga," akasema, taratibu kabisa. "Mimi na huyu mzee tulifunga ndoa ku kambi. Pasta alikuwako, watu walikuwako, tuliimba mpaka sauti zikakauka. Karatasi ndiyo haikuwako. Na huyu binti munayemuomba alizaliwa mule. Sisi tunahesabika, ao tuko kule pembeni na kikombe?"

Nilikuwa naijua habari hiyo. Kijana alinisimulia kwenye treni asubuhi ile ile, jinsi walivyohangaika walipofika huku kuthibitisha kwamba ni mume na mke. Alinisimulia ili nisije nikakosea.

Uso ukaniwaka. Kijana alikuwa ameinama akitazama viatu vyake, alivyovipiga kiwi mwenyewe jana yake. Nilichosema kuhusu raga kilikuwa sahihi, na usahihi wake haukumfaa mtu yeyote pale ndani. Mdomo ule siku ile haukuwa hata wangu. Ulikuwa wa kijana, mimi nilikuwa nimeuazima tu.

"Mama, nimekosa," nikasema. Nilikuwa na maelezo mengi ya kuongeza. Nikayameza.

Shangazi akaona nimeiva vya kutosha. "Apigwe faini. Arudishe kikombe."

Nikasimama, mtu mzima na tai yangu, nikakirudisha kikombe kwenye mstari. "Kinahesabika."

"Hatukusikii huku nyuma," akadai shangazi.

"Mechi ya kwanza inahesabika. Mko sawa na sisi."

"Sawa?" akauliza baba, akiushika ukingo wa skafu.

"Mko mbele, mzee."

Hapo ndipo wakacheka, na baba akacheka kuliko wote. Binti akaitwa, akaulizwa kama anawajua wageni hawa, akasema anawajua, ingawa alinitazama kidogo kabla ya kujibu. Posa ikapokelewa. Kijana akashusha pumzi.

Mama hakucheka. Chakula kilipoletwa, alikuja na beseni na jagi, akaanza na mimi, akanimiminia maji mikononi yeye mwenyewe. Nilitaka kumwambia jambo, lakini kila sentensi niliyoipata ilianza kwa kueleza.

"Kula, mshenga," akasema. "Bugali ikipoa, haihesabiki."

Nikala nimeinama, na sikuinua macho mpaka sahani ilipobaki tupu.