Nilivyofunga Ziwa Tanganyika kwa neno moja kwenye seva

Amahoro wakuu. Naandika kutoka Rumonge. Haya yamenipata mimi mwenyewe, na aibu yake ni yangu.

Mimi ni mzee, shule yangu iliishia sekondari, kule Kigoma tulipokuwa wakimbizi. Kompyuta nimejifunza uzeeni, kwa ukaidi tu. Natunza web service ndogo, yaani huduma ya mtandaoni, inayowatumia wanunuzi wa samaki ujumbe kila asubuhi: ziwa liko wazi, au limefungwa.

(Mwezi ukiwa mpevu taa za wavuvi hazivuti samaki, kazi husimama.)

Kwenye seva kuna faili mama. Kilichoandikwa humo hurithiwa na huduma zote, ya ndagala (dagaa) na ya mukeke (migebuka). Huduma moja ikitaka tofauti, unaandika thamani mpya kwenye faili lake, nayo inashinda. Ndiyo override.

Isipokuwa faili mama likiwa na locked="true". Hapo mtoto aseme asemavyo, hasikilizwi.

Aliyeweka hiyo lock ni mimi. Siku moja mwenzangu tunayetunza naye seva alitangaza mapema kwamba ziwa liko wazi, wanawake wanunuzi kutoka Gatete wakaja wakakuta mchanga mtupu, matusi nikapokea mimi. Nikaandika "limefungwa" kwenye faili mama, nikaweka na lock.

Kisha nikasahau.

Mwezi ulipopungua, wavuvi wa mukeke walitangulia kuingia ziwani. Nikaandika "wazi" kwenye faili la mukeke, nikawasha seva upya, nikaenda kunywa chai. Logi, pale seva inapoandika ilichofanya, sikuisoma.

Simu ikalia. Mke wangu, Mama Shabani, anauza mukeke ufukweni. Mtaji wake wote ulikuwa kwenye beseni, na barafu hana.

"Baba Shabani, wanunuzi wako wapi? Jua iko inapanda!"

"Wanakuja, nimewatangazia."

"Umewatangazia nini? Wa Gatete wanasema ziwa limefungwa. Nani amelifunga, na mimi niko na samaki hapa?"

Badala ya kwenda kwenye seva, nikakimbilia ufukweni. Akili ya uzee hiyo. Wavuvi wakanipokea:

"Mwenye ziwa amefika! Muzee, utusamehe, tulivua bila ruhusa yako!"

Nikarudi nyumbani jasho likinitoka, nikafungua logi. Mstari mmoja tu: parameta imefungwa juu, thamani mpya imepuuzwa.

Nikaondoa lock, nikawasha upya. Wanunuzi wakaja na pikipiki, lakini jua lilishawatangulia. Nusu ya mukeke iliuzwa. Nusu tuliipasua ili tuikaushe kwa moshi, kisu nikishika mimi.

"Pasua mugongo, si tumbo," Mama Shabani akasema. "Ama na hiyo umeifunga?"

Funzo, wakuu: kabla ya ku-override, panda juu uone kama faili mama limefungwa. Na usifunge jambo ambalo watoto wana sababu ya kutofautiana.

Wazoefu, ninyi mnafunga nini na mnaacha nini? Nikosoeni, ila kwa adabu kidogo. Mama Shabani anasoma hapa begani kwangu, na bado hajacheka.