Yai la Kwanza la Mama

Kupika yai kwenye air fryer ni kazi ndogo mno hata mara ya kwanza niliona aibu kuiita kupika. Unachukua kibakuli cha bati, unakipaka mafuta kwa kidole, unapasua mayai mawili, unatupia kitunguu, nyanya na chumvi, unakoroga, unakisukuma ndani ya droo ya mashine. Unazungusha kitufe cha joto, unazungusha cha dakika, unakwenda kuchana nywele. Ukirudi yai limeumuka, juu limepata rangi, na jikoni hakuna moshi wala sufuria ya kusugua. Mimi huondoka nyumbani mapema kuwahi ofisini hapa Bariadi, na asubuhi nina hasira za bure. Mashine ile niliinunua kwa uvivu na nimeipenda kwa uvivu huohuo.

Mama aliletwa kwangu kutoka Mwandoya akiwa na kidonda mguuni. Jembe lilimkata wakati wa palizi ya pamba, akafunga kitambaa, akaendelea kulima, na kidonda kikakataa kufunga. Daktari alimtazama, akasema dawa peke yake haitoshi, mwili hauna cha kujengea nyama mpya. Akataja vyakula. Kisha akaniita pembeni, akaniambia kwamba mambo yakiendelea vile tutalazimika kuzungumza habari za kuukata mguu wenyewe. Mama aliniuliza daktari kasema nini, nikamwambia kasema ule vizuri.

Kula ndiko kulikokuwa kugumu. Nyama meno yalikataa. Samaki, tangu augue, harufu yake ilimchefua. Maharage yalimjaza tumbo, na maziwa ya dukani aliyaonja mara moja akauliza ng'ombe gani huyo. Alikuwa anaishi kwa uji na michembe, ile ya viazi alivyovikausha mwenyewe. Kilichobaki ni mayai, na mama yangu hakuwa amewahi kula yai tangu azaliwe.

Si kwamba aliyachukia. Alikua akiambiwa, kama wanawake wengi wa umri wake huku kwetu, kwamba mwanamke akila yai atazaa mtoto asiye na nywele, au hatazaa kabisa. Mayai yalikuwa ya wanaume, ya wageni, na ya kuku mwenyewe kuatamia. Alimchemshia baba, aliwamenyea kaka zangu, akanawa mikono. Mimi nilianza kula yai shule ya bweni. Siku ile nililala nikisubiri nidhurike. Kulipokucha nilikuwa mzima, nikaanza kumchunguza kila aliyekuwa na yai ambalo hajalimaliza. Baadaye nikazaa wawili, sasa wanasoma mbali, na wote wawili nywele zao zinavunja vitana.

Sasa mniambie, kama mngekuwa mimi, msingetaka kujua? Mama alikuwa analijua yai kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona. Alilitikisa sikioni akakwambia ni viza. Alilinyanyua kwenye mwanga akakwambia hili lina mbegu na hili halina. Kitu pekee ambacho hakukijua ni ladha yake. Niliwaza hilo hata nikiwa kazini, mafaili mbele yangu. Mtu mwenye wajukuu, ulimi wake ukikutana na yai kwa mara ya kwanza, utasema nini? Nilitaka apone, Mungu anajua, lakini nisidanganye, nilitaka na jibu.

Jioni moja nilimkabili. Nilimwambia, mayu, mama yangu, uzazi wako ulikwisha zamani, hakuna tena mtoto wa kukosa nywele. Alijibu kwamba hesabu hiyo anaijua. Nikamuuliza kama ni hivyo, kinachomzuia ni nini. Akasema nimeanza maswali yangu tangu sijaota meno, akageukia ukutani. Nilikasirika. Niliosha vyombo kwa kelele ili asikie, naye akasikia, hakugeuka.

Ila mashine yenyewe aliipenda. Kila asubuhi alikuja na kigoda chake, akakaa mbele yake, mguu ameunyoosha, akaitazama kama watu wanavyotazama mpira. Swali lake la kwanza lilikuwa moto wake uko wapi. Nilimweleza kwamba ndani juu kuna koili inayopata joto, na feni inasukuma lile joto kuzunguka chakula. Akapeleka kiganja nyuma ya mashine mahali hewa inapotokea, akakirudisha, akakipeleka tena. Akasema kumbe ni kama kupuliza jiko, tofauti ni kwamba huyu mpulizaji hachoki. Akataka kujua ikiwa joto linaweza kupunguzwa. Nikafurahi, nikadhani ameanza kuvutwa na mapishi, nikamwonyesha kitufe kinavyozunguka kutoka namba kubwa hadi ndogo. Aliuliza kama namba ndogo kabisa ni joto la kuunguza au la kupasha tu. Nikamwambia la kupasha tu, huku navaa viatu.

Sikuwa nimeyafikiria mayai yake. Alikuja na kikapu kutoka Mwandoya, na ndani, yamezungukwa na pamba ambayo haijachambuliwa, kulikuwa na mayai ya kuku wake. Hayakuwa ya kula. Alisema ni mbegu, amenichagulia, kwa sababu ni aibu mtoto wake kununua kuku sokoni kama mgeni. Yote alikuwa ameyachora msalaba mdogo kwa mkaa, alama yake ya mayai ya kuatamia, asije mtu akayachukua kwa bahati mbaya. Nilimshukuru. Sikumwambia kwamba katika ua wangu hakuna kuku wa kuyaatamia, jambo ambalo aliliona mwenyewe kabla hajakaa. Kikapu kikawekwa juu ya kabati, na kila siku alikitazama, kwa sababu mayai ya mbegu hayasubiri.

Jirani yetu ana mashine ya kutotolea vifaranga. Siku moja mama alijikongoja hadi kwake kwa fimbo, akarudi amechangamka kuliko siku zote. Aliniambia ameona sanduku, lina joto, lina feni, lina taa, na vifaranga vinalia ndani bila mama yao. Nilimsikiliza kwa nusu sikio. Nilikuwa nafurahi tu kwamba ametembea.

Jumamosi nilikwenda sokoni, nikarudi jua limekwisha kuwa kali. Nilimkuta kwenye kigoda mbele ya air fryer, amejifunika khanga, uso umetulia vizuri. Mashine ilikuwa inanguruma. Kengele ikalia ting, naye, bila haraka, akanyoosha mkono akazungusha tena kitufe cha dakika. Ilionekana ameshafanya hivyo asubuhi nzima.

"Mayu, unapika nini?" nilimuuliza.

"Sipiki. Nimeatamisha."

Nikaweka kikapu cha mboga chini. Niliangalia kitufe cha joto, na kweli kilikuwa kwenye namba ndogo kabisa, imeandikwa themanini. Nilivuta droo. Mayai ya Mwandoya yalikuwa mle yote, ameyatandikia pamba kidogo chini, kwa mpangilio, ncha zimeelekea upande mmoja. Baadaye aliniambia alikuwa anayageuza, kwa sababu kuku huyageuza. Nilitaka kucheka, nikashindwa. Niligusa moja likaniunguza kidole.

Akauliza kuna nini. Nikachukua yai, nikaligonga pembeni ya meza, nikalimenya. Lilikuwa limeiva, jeupe, gumu, zuri kabisa. Lingekuwa la mtu mwingine ningelisifia.

Mama alilitazama kwa muda. Mikono yake iliyokuwa magotini ilianza kuvutavuta pindo la khanga. Alisema kuku wa jirani wanatoka kwenye sanduku la joto na feni. Nikamwambia ni kweli, mayu, lakini joto la sanduku lile ni la tumbo la kuku, na hili hata likiwa dogo linaivisha. Akasema mimi ndiye niliyemwambia ni la kupasha tu. Maji yalikuwa yamemwagika, na tulioinamisha mtungi tulikuwa wawili.

Nikataka kuyaondoa mbele yake haraka, kama mtu anavyofunika maiti. Nikasema nitampelekea jirani, watoto wake watakula. Hapo akanishika mkono. Kiganja chake kilikuwa kikavu na bado kina nguvu ya mpini wa jembe.

"Acha. Kuku wangu hakunitagia ili nigawe."

Nikakaa sakafuni karibu na kigoda chake. Mashine ilikuwa imezimika, na jikoni kulikuwa kimya isipokuwa redio ya jirani. Yai lililomenywa lilikuwa mkononi mwangu linapoa. Sikumsihi. Nilikuwa nimechoka kumsihi, na safari hii nilimhurumia zaidi ya nilivyotaka kushinda. Nilimuuliza tu lile swali la siku ile, kwa sauti ya chini: kama si habari ya uzazi, nini kinamzuia.

Nikadhani atageukia ukutani tena.

"Ng'wanone, mwanangu," akasema, "nimepika mayai maisha yangu yote. Nimeyanusa. Nikila leo nikakuta ni matamu, nitamdai nani?"

Mimi niliyejiona mjuzi wa kuuliza, swali hilo halikuwahi kunijia. Nilikuwa nimefikiri anaogopa yai litamdhuru. Kumbe aliogopa lisimdhuru. Mwiko ukiwa wa kweli, basi alijinyima kwa faida, akatuzaa, tukawa na nywele. Mwiko ukiwa wa bure, miaka yote ile ya kumenyea wengine inabaki imekaa tu, haina mwenyewe. Nilimwambia sijui utamdai nani, mayu. Nikaongeza kwamba daktari alisema mengine kuhusu mguu wake, na nikamweleza yote, bila kupunguza.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akautazama mguu wake, ile bandeji niliyoifunga mwenyewe asubuhi, kisha akaifuta mikono yake kwenye khanga na kunyoosha kiganja. Nikaweka yai.

Kwanza alilinusa. Aliligeuza, akalibonyeza, akalileta karibu na sikio kwa mazoea halafu akajicheka. Akang'ata kipande kidogo cha weupe, akatafuna polepole sana akitazama mlango wa nyuma. Nilimkazia macho bila haya. Uso wake haukuniambia chochote. Akang'ata tena, safari hii akafika kwenye kiini, na unga wake wa manjano ukamganda midomoni. Akaomba chumvi. Nikaruka kuileta. Akachovya, akala, akachovya, akala, hadi mkononi hapakubaki kitu, kisha akaokota chembe zilizodondoka kwenye khanga moja moja akaziweka mdomoni.

Nilishindwa kuvumilia. Nilimuuliza likoje.

Macho yake yalikuwa yamejaa maji lakini hayakumwagika, na aliyageuzia kwangu kama anayeniona vizuri kwa mara ya kwanza tangu afike.

"Mama yangu amekufa hajui," akasema.

Kisha akanyoosha kiganja tena, nami nikamenya lingine.