Muhuri Uliovunjika Ukingo

Bwana Shigeta alikuwa na masikio ya kawaida, ila yeye aliyaona kama urithi wa taifa. Kwa miaka thelathini na mmoja, katika kiwanda kimoja nje ya Nagoya, aliunganisha kwa mikono yake injini za Tsugumi, gari la michezo la silinda sita, na hakuna injini iliyotoka bila yeye kuisikiliza kwanza. Kampuni ilipoacha kulitengeneza gari hilo alistaafu, akabaki na Tsugumi yake moja na chama cha wapenzi wa Tsugumi, ambacho mwenyekiti wake alikuwa yeye. Kila Jumapili asubuhi walikutana kwenye maegesho ya mgahawa wa tambi, juu mlimani, wakafungua boneti zote kwa pamoja na kusikiliza kimya.

Walingoja miaka kumi na minane. Siku kampuni ilipotangaza kwamba Tsugumi inarudi, Shigeta alilia mbele ya televisheni, bakuli la wali mkononi. Wiki moja baadaye habari kamili ikatoka: umbo ni la nyumbani, injini ni ya kununuliwa kwa Wajerumani.

Jumapili hiyo hakuna aliyefungua boneti. Odagaki, katibu wao, daktari wa meno mstaafu mwenye ulimi mkali kuliko vyombo vyake vya kazi, alisema sasa kilichobaki ni kutia soseji kwenye supu yetu ya miso. Wakacheka kicheko cha msibani. Bi Hatsue alithubutu kusema kwamba gari likitembea vizuri yeye atalinunua, hata injini ikitoka mwezini. Hakuongeleshwa tena mpaka kahawa yake ikapoa.

Shigeta hakucheka. Aliona kama mtu ameingia nyumbani kwake, akamwambia kwamba miaka yake yote thelathini na mmoja ilikuwa bure. Hasira hasara, lakini nani huikumbuka methali hiyo akiwa amekasirika? Papo hapo akaiandikia kampuni barua. Ilijulikana kwamba katika kampuni za nchi yao uamuzi huanzia chini: anayependekeza jambo hugonga muhuri wa kwanza kwenye karatasi, kisha wakubwa hufuata na yao. Basi barua ilidai kwamba huyo wa kwanza, yeyote awaye, aondolewe kwenye kazi ya Tsugumi. Shigeta akagonga muhuri wa mwenyekiti, wanachama arobaini na sita wakagonga nyuma yake, na Jumatatu barua ikapelekwa.

Jumapili iliyofuata Odagaki alikuja anang'aa. Gazeti moja la magari lilikuwa limechapisha picha ya karatasi yenyewe, na yeye alikuwa ameikuza ikawa kubwa kama kalenda ya ukutani. Mihuri myekundu ilikuwa imejipanga mstari mmoja.

"Huyu hapa wa kwanza," alisema Odagaki. "Nukina. Kuna anayemjua Nukina?"

Shigeta aliinama aangalie vizuri. Duara la muhuri lilikuwa limekatika kidogo upande wa kushoto. Aliijua kasoro hiyo, kwa kuwa kisu kilimteleza yeye mwenyewe, miaka tisa iliyopita, alipokuwa akichonga muhuri huo jikoni kwake. Nukina lilikuwa jina la ndoa la binti yake, Chizuru, na muhuri ulikuwa zawadi aliyompa siku binti alipoajiriwa kiwandani. Alimwambia mara ngapi autupe, akatengenezewe mzuri dukani? Hakuutupa.

"Mwenyekiti, unamjua?"

"Simjui," alisema Shigeta.

Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Aliendesha moja kwa moja mpaka kwa Chizuru, akamkuta akipanga vitabu vya kazi katika masanduku. Alikuwa ameambiwa Ijumaa: atahamishiwa ghala la vipuri, huko kaskazini kwenye theluji.

"Ulijua barua ni yangu?" aliuliza Shigeta, viatu bado mguuni.

"Niliujua mwandiko, Baba. Vua viatu, uingie."

Hakuingia. Alisimama palepale mlangoni akauliza kwa nini hakumwambia. Chizuru akaendelea kupanga vitabu.

"Nilipiga hesabu miaka miwili. Kutengeneza injini yetu wenyewe, gari lisingekuwepo. Kununua, lingekuwepo. Wewe umeshatimiza sabini na tatu. Nilitaka ulione barabarani."

Shigeta alisema kesho atakwenda kampuni, ataiondoa barua, atapiga magoti ikibidi. Chizuru akatikisa kichwa. Wakubwa walihitaji mtu wa kumtoa ili kelele ziishe, na wameshampata. Akamwambia baba yake aendeshe taratibu, mlimani kuna ukungu. Hakumlaumu kwa neno lolote, na mzee angelipa chochote alaumiwe.

Alikwenda hata hivyo. Walimpa chai, wakainama sana, wakamshukuru kwa maoni yenye thamani ya chama chake.

Jumapili ya tatu Odagaki alisoma jibu la kampuni kwa sauti: mhusika ameondolewa, injini itabaki ileile. Yaani injini waliyoitaka waliikosa, wakapata mtu. Hata hivyo walipiga makofi, na katibu akamwomba mwenyekiti aseme neno.

Shigeta alitoa muhuri wa mwenyekiti mfukoni, akauweka juu ya boneti ya gari la Odagaki.

"Nukina ni binti yangu," alisema. "Muhuri ule nilimchongea mimi. Niliwadanganya kwamba simjui."

Makofi yalikatika. Bi Hatsue alijiziba mdomo. Odagaki akaanza kusema kwamba wangejua, wasinge... lakini Shigeta akamkatiza kwa upole.

"Mlitaka wa kwanza kugonga aondolewe. Nami ndiye niliyewafundisha kutaka hivyo. Kwenye barua yetu wa kwanza nilikuwa mimi."

Aliinama mbele yao, chini kabisa, akakaa hivyo mpaka wengine wakaanza kutazama pembeni. Kisha akaingia katika Tsugumi yake na kuwasha ile injini aliyoiunganisha kwa mikono yake. Iliwaka mara moja, kama siku zote. Hakuisikiliza.